Moto Ubaki Nje ya Kabini

Neno kwa mashofere na wasaidizi wao, kwa akina mama wanaosafiri pamoja nao, na zaidi kwa wenye makamio

Ndugu msomaji, pengine wewe si shofere. Pengine umeketi hapa barazani ukingoja zamu yako ya kuonana na mganga, au umepewa kitabu hiki kanisani. Usiruke ukurasa huu. Kama si wewe unayelala barabarani, ni mume wako, au mtoto wako, au mjomba wako anayepeleka mchele na mawese, au jirani yako aliyepanda juu ya magunia aende kuuza karanga zake. Katika nchi yetu ya Kasongo na Kabambare, kila nyumba ina mtu wake wa barabarani.

Wote twazijua barabara zetu. Safari iliyopasa kuwa ya siku moja huwa ya siku tatu, pengine ya juma zima. Mvua za tangu Septemba mpaka Mei huchimba mashimo ambayo kamio huzama ndani yake mpaka tumbo lake laguswa na matope. Watu hushuka, huchimba kwa majembe, hukata miti na kuitandika chini ya magurudumu, husukuma kwa kelele. Usiku unaingia, na kijiji kiko mbali. Shofere na msaidizi wake wameloa matope na jasho. Wanapanda kabini, wanafunga milango, wanapandisha vioo kwa sababu ya mbu na ya wezi. Baridi inawashika. Na pale chini, kando ya barabara, mbabula waliyopikia ugali bado ina makaa mekundu. Je, watafanya nini?

Wako wanaoipandisha mbabula ile ndani. Huiweka pale pa miguu. Moshi umekwisha, makaa yamefunikwa na majivu meupe, joto linaenea vizuri. Wanaambiana, “Leo tutalala kama watu.” Na katika hao, wako wasioamka tena.

Nataka kusema maneno mawili katika ukurasa huu. La kwanza: moto wo wote usio na bomba la kutolea hewa yake nje usilale chumba kimoja na mtu, hata kama hauna moshi, hata kama ni mdogo. La pili: mwenye kamio anayemtuma mtu kulala barabarani bila kitu cha kujifunika, asiseme shofere alikufa kwa ujinga wake. Yeye naye ana sehemu yake katika jambo hilo.

BARIDI HII YATOKA WAPI?

Mtu atasema, “Maniema si nchi ya baridi. Hakuna theluji Lusangi.” Ni kweli. Lakini mwili hausikii baridi kwa sababu ya theluji tu. Nguo iliyoloa huondoa joto la mwili upesi kuliko nguo kavu. Mtu aliyesukuma kamio mchana kutwa, kisha akalala na suruali yenye maji, atatetemeka hata usiku ambao mwenzake mkavu aliyelala kijijini hakujifunika ila kitenge. Tena, katika kiangazi cha Juni, Julai na Agosti mbingu huwa wazi bila mawingu, na joto la mchana hupotea upesi usiku. Chuma cha kamio hupoa pamoja nalo.

Wala mashofere wetu hawakai Maniema tu. Anayefika Bukavu amepanda mpaka mita 1,500 hivi juu ya bahari. Anayepita Butembo na Lubero amepanda zaidi. Anayeshuka mpaka Lubumbashi katika Julai atakuta usiku ambao kipimo cha joto huanguka chini ya digrii 10. Na huko Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Zambia, makamio hupanga mstari mrefu, na watu hulala ndani yake siku nyingi wakingoja hati zao. Hivyo hivyo kwa mashofere wa Tanzania wanaopita Makambako na Mbeya, na wale wa Kenya wanaopita Limuru na Timboroa. Mtu aliyezoea joto la bondeni, akipata usiku wa namna hiyo, atatafuta moto. Hatumlaumu kwa kusikia baridi. Twataka tu asife kwa ajili yake.

MOTO HUFANYA NINI NDANI YA KABINI?

Moto hula hewa. Ukiwa na hewa ya kutosha, huwaka vizuri. Ukikosa hewa ya kutosha, hutoa hewa nyingine yenye sumu, iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi. Haina harufu. Haiwashi macho, wala haikohoesha. Nayo makaa huitoa kwa wingi, na zaidi wakati ule ule yanapokuwa mekundu bila moshi, wakati ambao watu hudhani ni salama.

Sasa fikiri juu ya damu yako. Ndani ya damu mna chembe nyekundu ambazo kazi yake ni kuchukua oksijeni kutoka mapafu na kuipeleka mwili mzima, kama makamio yachukuavyo mchele. Ile hewa ya sumu hushikamana na chembe hizo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Hupanda juu ya kamio na kukataa kushuka. Oksijeni inabaki barabarani haina nafasi. Mapafu yanapumua, moyo unapiga, lakini ubongo unakufa njaa.

Nani huhisi hayo akiwa macho? Kwanza kichwa huuma. Kisha mtu huona kizunguzungu, moyo huchafuka, pengine hutapika. Miguu hulegea. Mawazo huvurugika. Lakini aliyelala usingizini hapati hata onyo hilo. Huzama tu kutoka usingizi mdogo mpaka usingizi mkubwa.

Tena kumbuka ukubwa wa mahali. Chumba cha mita 3 kwa 3 chenye kimo cha mita 2 na nusu kina hewa mita za ujazo 22 na zaidi. Kabini ya kamio haina hata nusu ya hiyo. Mbabula ambayo ndani ya nyumba ingekuumiza kichwa, ndani ya kabini yaweza kukuua.

Jambo hili limejulikana siku nyingi. Mwandishi wa Ufaransa Émile Zola alilala na mke wake chumbani mwao Paris katika Septemba 1902. Moto ulikuwa unawaka katika jiko la ukutani, na bomba la kutolea moshi lilikuwa limeziba. Asubuhi ya tarehe 29 Zola alikutwa amekufa, na mke wake akapona kwa shida. Alikuwa mtu mwenye mali, mwenye elimu, katika mji mkubwa. Moto haukumwuliza cheo chake. Na katika Machi 1944, wakati wa vita, gari la moshi lilisimama usiku ndani ya shimo la mlima karibu na Balvano, katika Italia ya kusini. Injini zake zilikuwa zikichoma makaa, na hewa yake haikupata njia ya kutoka. Walikufa watu zaidi ya 500, wengi wao wakiwa wameketi mahali pao kama watu waliosinzia.

Wachimbaji wa makaa ya mawe Uingereza walikuwa watu wazoefu, lakini hawakuziamini pua zao. Walibeba ndege wadogo ndani ya kitundu, maana ndege hupumua upesi na kuanguka kabla ya mtu. Walifanya hivyo mpaka mwaka 1986, walipopata vyombo vya kupimia. Basi, wewe utasemaje, “Nitaisikia hewa mbaya ikija”?

MANENO TUNAYOSIKIA, NA MAJIBU YAKE

“Moshi umekwisha.” Moshi ni jambo moja, sumu ni jambo lingine. Moshi hukufukuza, na kwa hiyo hukuokoa. Makaa mazuri yasiyo na moshi hayakufukuzi, hukubembeleza.

“Nimeacha kioo wazi kidogo.” Ufa wa vidole viwili hautoshi kutoa hewa ya mbabula inayowaka. Upepo ukitulia, hakuna kinachotoka. Tena wewe mwenyewe, baridi ikizidi usiku wa manane, utainua mkono na kukifunga kioo kile ungali na usingizi.

“Nimeweka bakuli la maji karibu na moto.” Hewa hii hainyonywi na maji. Bakuli litaua kiu yako asubuhi kama utaamka. Halitafanya kazi nyingine.

“Nitalala kifudifudi chini, sumu hupanda juu.” Hewa hii ina uzito karibu sawa na hewa ya kawaida, nyepesi kidogo tu. Huchanganyika na kuenea pote, juu na chini. Hakuna pembe ya kujificha.

“Nikisikia vibaya nitafungua mlango.” Hili ni neno baya kuliko yote, maana sumu hii huanza kwa kuondoa nguvu za miguu na akili ya kuamua. Wako waliokutwa wamelala karibu na mlango, mkono umenyoshwa.

“Babu zetu walilala na moto ndani ya nyumba.” Ndiyo, walilala katika nyumba za nyasi na udongo, ambazo pumzi hupita katika paa na katika kuta. Hata hivyo macho yao na vifua vyao viliumia. Lakini kabini ni sanduku la chuma na kioo, na pembeni mwa milango mmewekwa mpira ili hata vumbi lisipite. Usifananishe nyumba ya babu na sanduku hilo.

“Basi nitaacha injini ikinguruma usiku kucha.” Injini ya dizeli hutoa sumu hii kidogo kuliko ya petroli, lakini kidogo si bure. Kama bomba lake la moshi limetoboka chini ya kabini, au mdomo wake umezama matopeni, hewa yake yaweza kupanda mpaka ulipolala. Tena kamio kubwa likisimama na kunguruma hula karibu lita 3 za dizeli kwa saa moja. Mwenye kamio hatakushukuru.

MASHINE YA JOTO YA MAKAMIO YA ULAYA

Wengine wenu mmeona kwamba makamio mengine yaliyotumika Ulaya huja na mashine ndogo ya joto, inayotumia dizeli, yaani mazutu, hata injini ikiwa imezimwa. Mashofere wa huko hulala nayo katika theluji na kuamka salama. Wao walalaje na moto, nasi twakatazwa?

Jibu liko katika namna ilivyotengenezwa. Pampu ndogo huvuta dizeli tone kwa tone. Dizeli huwaka ndani ya chumba cha chuma kilichofungwa. Hewa ya kuwashia moto huo hutoka nje ya kamio kwa bomba moja, na hewa chafu hurudi nje kwa bomba la pili. Hewa ya kabini hupita upande wa pili wa kile chuma chenye moto, ikapata joto, ikarudi kwako. Moto na pumzi yako havikutani hata kidogo. Nayo hula dizeli kidogo: usiku wa saa 8 ni kama lita moja au mbili tu.

Basi waona kwamba kinachomwokoa shofere wa Ulaya si uzuri wa mashine, bali ni bomba lile la kutolea nje. Likivunjika, mashine ya bei kubwa yawa mbabula. Na barabara zetu huvunja. Mawe hugonga chini ya kamio, matope hula chuma, fundi wa njiani hufunga kwa waya kitu alichokifungua. Kamio likizama mpaka tumboni, mdomo wa bomba huzibwa na matope. Kwa hiyo, kama kamio lako lina mashine hiyo:

1. Usiiwashe mpaka fundi anayeijua amekagua mabomba yake yote mawili.
2. Usiiwashe kamio likiwa limezama matopeni, au likiwa ndani ya karakana iliyofungwa.
3. Usiiwashe wakati wa kutia dizeli.
4. Ukisikia harufu ya moshi kabini, au kichwa kikianza kuuma, izime na utoke.
5. Weka kabini kengele ndogo ya betri inayolia ikisikia kaboni monoksaidi. Hiyo ndiyo ndege mdogo wa siku hizi. Ijaribu kila safari kama bado inalia.

Usikubali mtu akutengenezee mashine ya namna hiyo kwa kopo na bomba la kuokota. Kitu cha namna hiyo kikikosewa, hakuna wa kukuambia usiku.

PASHA MTU JOTO, USIPASHE KABINI

Mwili wako wenyewe ni moto. Hutengeneza joto usiku na mchana, bila sumu, bila makaa. Kazi yako ni kulizuia lisitoke.

Kwanza, ondoa nguo zilizoloa. Hili ni kubwa kuliko mengine. Kila msafiri awe na suruali moja, shati moja na soksi, vimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki, visiguswe mchana hata kama vyatamanika. Ni nguo za usiku.

Pili, kumbuka baridi ya chini. Watu hujifunika juu na kusahau mgongo. Tandika mkeka, au magunia matupu, au kartoni, kisha ulale juu yake. Blanketi moja chini na moja juu ni bora kuliko mawili juu.

Tatu, funika kichwa na miguu. Kofia ya sufu si ya wazee tu.

Nne, kula kabla ya kulala. Pika nje, kula ugali ungali moto, kunywa chai au uji. Kisha uuache moto pale pale nje, mbali na kamio na mbali na bidoni za mafuta, na uzime kwa maji au kwa udongo.

Tano, ukitaka zaidi, jaza maji ya moto ndani ya bidoni ndogo ngumu, uifunge vizuri, uizungushie kitambaa kizito, uiweke karibu na miguu. Isiguse ngozi, maana huunguza.

Sita, usinywe lotoko ili upate joto. Pombe huleta damu kwenye ngozi, nawe huona joto, kumbe joto la ndani linatoka upesi. Tena huleta usingizi mzito ambao hata mwenzako akikuita hutasikia.

Na mbu je? Sisi wenyewe wa hospitali tumewaambia mfunge milango jioni, na kwa hiyo mtu aweza kusema kwamba twawafundisha mambo mawili yanayopingana. Hayapingani. Chandarua kidogo chaweza kufungwa ndani ya kabini juu ya kitanda. Au kipande cha wavu wa mbu chaweza kubandikwa juu ya dirisha, kioo kikashushwa kiasi cha mkono. Hapo hewa huingia, mbu hubaki nje. Mtu aliyevaa nguo kavu na kujifunika vizuri hataogopa hewa ya dirisha. Makaa ya kufukuza mbu yasiingie kabini, wala kwa nusu saa.

JUU YA AKINA MAMA NA WATOTO

Hapa moyo hututia wasiwasi zaidi. Shofere mwema, akiona mama mwenye mtoto mchanga juu ya magunia, humwambia, “Mama, shuka, uje ulale kabini, nje kuna baridi.” Ni wema, na tunausifu. Lakini kama kabini ina mbabula, wema huo wampeleka mama mahali pabaya kuliko alipokuwa. Mtoto mdogo hupumua upesi kuliko mtu mzima, na kwa hiyo hujaza sumu upesi. Na mama mwenye mimba abeba mtu wa pili: damu ya mtoto aliye tumboni hushika sumu hii kwa nguvu zaidi, na hukawia kuiachia. Mama aweza kuamka na maumivu ya kichwa tu, na mtoto wake tumboni akawa amekufa.

Yale yale tunayowaambia watu wa kabini twawaambia watu wa nyumbani. Mama aliyezaa asiwekewe mbabula katika chumba kilichofungwa. Mtoto mchanga apate joto kwenye kifua cha mama yake, ngozi kwa ngozi, wakifunikwa pamoja. Na walinzi wa wagonjwa wasiingize makaa mahali wanapolala. Jenereta nayo isiwekwe ndani ya nyumba ya kulala wala chini ya dirisha.

UKIMKUTA MTU AMEZIMIA

Fungua milango yote miwili upesi. Vuta pumzi nje kwanza, kisha umtoe mtu. Usikae ndani ukimwita jina, usije ukaanguka pamoja naye. Mlaze nje penye hewa. Kama anapumua, mlaze kwa ubavu ili akitapika asisongwe. Kama hapumui, bonyeza kwa nguvu katikati ya kifua chake mara 30, upesi upesi, kisha umpulizie pumzi mbili mdomoni, na uendelee hivyo bila kuchoka, mkibadilishana.

Usimmiminie maziwa wala mawese mdomoni. Hayaondoi sumu, na aliyezimia huyavuta mapafuni. Usimwagie maji ya baridi.

Mpeleke kwenye kituo cha afya au hospitali hata akiamka na kusema, “Sasa nimepona.” Sumu hukawia ndani ya damu. Kwa hewa ya kawaida hupungua kwa nusu baada ya saa 4 au 5. Kwa oksijeni safi ya kifuniko cha uso hupungua kwa nusu kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Ndiyo dawa yake. Tena wengine huonekana wamepona, kisha baada ya siku chache au majuma machache huanza kusahau mambo, au tabia yao hubadilika. Watu wa nyumbani waangalie, na wamrudishe.

Ukifika, sema waziwazi, “Tulilala na moto.” Usione haya. Mgonjwa asiposema, kila mtu atadhani ni malaria, maana kichwa kinauma, mwili hauna nguvu, anatapika.

Nawe mwuguzi mwenzetu, uliye Lusangi, au Kasongo, au Kabambare, au Salamabila: watu wawili au watatu waliolala mahali pamoja wakija asubuhi moja wote na kichwa, bila homa, waulize walilala wapi na kulikuwa na moto gani. Usikitegemee kile chombo kidogo cha kidoleni kinachopima oksijeni. Hakijui kutenganisha sumu hii na oksijeni, nacho chaweza kuonyesha 98 kwa mtu anayekufa. Mpe oksijeni kwa habari aliyokupa, usingoje chombo.

NENO KWA WENYE MAKAMIO

Mpaka hapa tumesema na mashofere. Lakini si haki kuishia hapo.

Wewe mwenye kamio, kabla ya safari wahesabu magunia. Wakagua magurudumu, waandika lita za dizeli, waweka kufuli na mnyororo. Yafaa. Lakini umehesabu blanketi? Wajua kabisa kwamba watu wako watalala njiani, maana barabara waijua wewe kuliko sisi. Bei ya mablanketi mawili, mkeka, chandarua na turubai haifiki bei ya gurudumu moja. Gurudumu likipasuka wanunua lingine mwezi huo huo. Na shofere aliyeacha wajane na yatima, utamnunua wapi?

Wengine husema, “Nikiwapa mablanketi watayauza.” Pengine mmoja atauza. Lakini hujaacha kutia dizeli kwa sababu mtu mmoja aliiba dizeli. Andika mablanketi katika daftari la vifaa vya kamio, pamoja na jeki na spana, yatoke na kamio na kurudi na kamio. Tena usimfokee mtu aliyelala kijijini badala ya kulala ndani ya mzigo. Ukimlazimisha kulinda usiku kucha ndani ya chuma cha baridi, bila nguo kavu, umempa shauri la kuchukua mbabula, hata kama hukufungua kinywa.

Hatudhani kwamba ukurasa mmoja utatengeneza barabara ya Kasongo na Kabambare. Matope yatakuwapo msimu ujao, na watu watalala njiani. Lakini kufa kwa makaa si lazima kama matope. Hakuhitaji mashine mpya wala fedha ya serikali. Kwahitaji nguo kavu, blanketi, dirisha lenye wavu, na moto ulioachwa nje.

Kwa hiyo, mama wa nyumbani, mume wako akifunga mzigo wake alfajiri, usimwulize juu ya chakula peke yake. Mwulize, “Blanketi liko wapi? Nguo za usiku ziko wapi?” Kama hazipo, na ziwekwe kabla ya kamio kuondoka. Na ninyi mnaojua kusoma, wasomeeni ukurasa huu wasaidizi wa makamio pale wanapongoja mizigo, maana wengi wao ni vijana, ni mara yao ya kwanza kulala barabarani, na hakuna aliyewaambia.